Maji ya waipa yanapoacha madoa kwenye rangi ya gari: kuyatambua, kuyaondoa na kuziba chanzo chake

Madoa haya huja kwa sura chache tu. Kuna michirizi myeupe inayoanzia chini ya kioo cha mbele na kutapakaa juu ya boneti. Kuna matone yaliyokauka kwa umbo la duara kwenye ukingo wa paa. Kuna mstari wa bluu au waridi unaofuata nguzo ya kioo hadi kwenye saitimira, na kuna utando kama wa mafuta unaoonekana tu ukiinama na kulitazama gari kwa ubavu. Gari jeusi huonyesha chokaa, gari jeupe huonyesha rangi ya dawa ya waipa. Wengi wakiyaona huchukua kampaundi (polishi kali yenye chembe) na kuanza kusugua, na hapo ndipo hasara huanzia. Mengi kati ya madoa haya hayahitaji kusuguliwa kabisa. Na yale yanayohitaji yatarudi baada ya wiki mbili ikiwa tangi, noze (vitundu vinavyorusha maji kwenye kioo) na valvu hazijaguswa.

Kinachobaki maji yakishakauka

Maji ya waipa ya dukani ni maji yaliyotiwa alkoholi (methanoli, ethanoli au isopropanoli), sabuni kidogo, manukato, na rangi ya kuyatofautisha na maji mengine. Baadhi yana pia dawa ya kufanya mvua iteleze kwenye kioo. Yakitua juu ya boneti yenye joto, alkoholi ndiyo inayotangulia kuondoka: methanoli huchemka kwenye nyuzi 64.7 za Selsiasi, ethanoli kwenye nyuzi 78, na boneti nyeusi iliyokaa juani inaweza kupita nyuzi 60. Maji yanafuata. Vinabaki vile visivyogeuka mvuke, yaani sabuni, rangi, na madini yaliyokuwa yameyeyuka ndani ya maji.

Madini ndiyo yanayosumbua zaidi, na kwa kawaida hayatoki kwenye dawa. Yanatoka kwenye maji ya bomba au ya kisima yaliyotumika kuizimua, au yaliyojazwa peke yake. Maji magumu hubeba kalsiamu na magneziamu. Chukua maji yenye miligramu 300 za madini kwa lita: tangi la lita 4 lina gramu 1.2 za madini, na zote hurushwa kwenye kioo. Kinachopitiliza kioo hutua kwenye rangi.

Sabuni ya vyombo inafuata. Sabuni nyingi za aina hii hutiwa chumvi ya kawaida ili ziwe nzito, na zimetengenezwa kwa kitu kitakachosuuzwa kwa maji mengi. Kioo cha gari hakisuuzwi. Matone mawili kwenye tangi zima hayaleti shida kubwa, ila watu hutia kifuniko kizima, kisha hushangaa utando unaovutia vumbi.

Rangi ya dawa yenyewe, ambayo hulaumiwa kwanza, haidhuru sana. Huyeyuka kwenye maji, na rangi ya gari iliyokauka sawasawa haiinyonyi. Inazama mahali penye vinyweleo: plastiki isiyopakwa rangi chini ya kioo, mpira, rangi iliyopigwa karibuni, na sehemu ambazo kokoto zimebandua tabaka la juu.

Tabaka hilo la juu ndilo la kulindwa. Magari mengi ya kisasa yana tabaka lisilo na rangi juu ya rangi, na gereji wanaliita klia. Unene wake ni kama mikroni 35 hadi 50, wakati karatasi ya kuandikia ina takribani mikroni 100. Kila upigapo polishi unaondoa sehemu ya klia, na haiongezeki tena. Kwa hiyo utaratibu ni huu: maji na shampuu, kisha siki, kisha klei, na polishi mwisho kabisa.

Jaribio la matone matatu

Kabla ya kutupa dawa uliyonunua, jua kwanza ni kitu gani kinachoacha doa. Chukua kipande cha kioo au sahani nyeusi. Usilifanye jaribio hili kwenye rangi ya gari. Weka tone la maji yaliyomo ndani ya tangi sasa, tone la maji unayotumia kuzimulia dawa, na tone la maji yaliyokenekwa. Maji yaliyokenekwa ni yale safi yasiyo na madini, ambayo mara nyingi huuzwa kama maji ya kuongezea betri. Acha yakauke juani.

Tone la maji yaliyokenekwa halipaswi kuacha kitu. Tone la pili likiacha duara jeupe, maji yako ni magumu na kubadilisha dawa hakutasaidia. La pili likiwa safi lakini la tangi likiacha utando unaonata, sabuni au dawa ya kufukuza mvua imezidi. La tangi likiacha duara jeupe pamoja na utando, una matatizo mawili kwa pamoja, na hiyo ndiyo hali ya kawaida kwenye tangi lililoongezwaongezwa kwa miaka bila kumwagwa.

Kutambua doa

Gari liwe kivulini na boneti iwe imepoa kiasi cha kuweza kutuliza kiganja juu yake bila kuhisi joto. Osha kwa shampuu ya gari isiyo kali, kwa ndoo mbili, moja ya shampuu na nyingine ya kusuuzia kitambaa. Utando wa sabuni na rangi nyingi ya dawa huishia hapa. Kausha, kisha mulika tochi kwa ubavu na uangalie kilichobaki.

Doa likipotea ukililowesha na kurudi likikauka, vika kidole mfuko mwembamba wa plastiki ukipitishe juu yake. Plastiki huufanya mguso uhisi vitu vidogo ambavyo ngozi peke yake haivihisi. Pakikwaruza, ni madini yaliyokaa juu ya rangi. Pakiwa laini huku duara bado linaonekana, doa limeshakula klia na hakuna kimiminika kitakachorudisha kilicholiwa.

Utando wenye rangi kama za upinde wa mvua, ambapo maji hujikusanya kwa namna tofauti na sehemu ya jirani, ni dawa ya kufukuza mvua. Michirizi iliyofifia ambapo maji husambaa badala ya kujikunja kuwa matone si doa hata kidogo: alkoholi imeondoa nta uliyopaka. Dawa za nchi zenye baridi ya kugandisha huwa na alkoholi nyingi, hivyo jambo hili hutokea haraka zaidi kwa wanaozitumia. Hapo huna cha kuondoa. Paka nta upya.

Kuondoa chokaa kwa siki

1. Changanya siki nyeupe yenye asidi ya 5% na maji yaliyokenekwa, nusu kwa nusu. Mililita 200 za kila kimoja zinatosha boneti nzima. Siki ya kahawia au ya matunda ina rangi na mabaki yake, iache jikoni.

2. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, kama ukingo wa ndani wa mlango. Ngoja dakika mbili, suuza, angalia.

3. Lowesha kitambaa cha maikrofaiba, kikamue kidogo kisichuruzike, ukitandaze juu ya doa kwa sekunde 60 hadi 90. Usisugue. Asidi inageuza chokaa kuwa chumvi inayoyeyuka na gesi ya kaboni dioksaidi, na kazi hiyo inataka muda kuliko nguvu. Ukisugua wakati huu unaburuza chembe ngumu juu ya klia, na mikwaruzo utakayoitia itaonekana kuliko doa lenyewe.

4. Inua kitambaa, futa kwa upole kwa kitambaa kingine kuelekea upande mmoja. Rudia hadi mara tatu, si zaidi.

5. Suuza kwa maji mengi, osha tena eneo hilo kwa shampuu, kausha mara moja. Hakikisha hakuna siki iliyojificha kwenye maungio ya boneti, chini ya mikono ya waipa, au kwenye kromu.

Siki haipakwi kwenye rangi yenye joto, maana ikikauka inaanza yenyewe kula kile ulichotaka kuokoa. Na siki isikutane na dawa ya kuondoa madoa ya nguo yenye klorini kwenye ndoo moja. Vikichanganyika hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu ya kuvutwa puani.

Ikiwa baada ya mara tatu mguso bado unakwaruza, hamia kwenye klei. Ni udongo laini wa kutengenezwa kiwandani ambao hunasa chembe zilizojishikiza kwenye rangi. Kata kipande cha gramu 40 hadi 50, kikande kiwe bapa, nyunyizia eneo la sentimita 40 kwa 40 maji ya shampuu (mililita 10 kwa lita 1), kisha kiteleze kwa mistari iliyonyooka bila kukandamiza. Mwanzoni utasikia sauti ya kukwaruza na mkono utahisi kama unavutwa. Vikiisha, eneo limekuwa safi. Kunja klei mara kwa mara upate uso mpya. Ikianguka chini itupe, kwani mchanga ulioinasa hautoki. Ongeza maji kabla hayajakauka: klei kavu hushika rangi na kuacha alama.

Utando wa dawa ya kufukuza mvua

Shampuu haiufikii, na siki haina la kuufanya kwa sababu hauna chokaa. Tumia isopropanoli ya 70%, sehemu moja kwa sehemu mbili za maji yaliyokenekwa. Nyunyizia kitambaa, si rangi. Futa eneo dogo kwa mikupuo mifupi, geuza kitambaa upande safi, na ufuatishe kitambaa kikavu papo hapo. Kitambaa kisipogeuzwa huhamisha utando kutoka hapa kwenda pale, na ndiyo sababu watu husema dawa haikufanya kazi.

Usitumie njia hii kwa gari lililopigwa rangi ndani ya mwezi mmoja uliopita, au rangi ya zamani isiyo na klia. Ukiona kitambaa kinachukua rangi ya gari, simama hapo hapo.

Rangi ya dawa iliyozama

Kwenye plastiki na mpira, tumia brashi laini na maji ya shampuu. Ikibaki, tumia kisafishaji cha plastiki kilichozimuliwa moja kwa kumi, usikiache kikauke. Usijaribu dawa ya klorini. Itaitoa rangi ya bluu na kuacha baka la kijivu ambalo haliondoki. Kwenye rangi mpya ambayo bado haijakomaa, osha kwa maji baridi na shampuu tu, kisha subiri. Alama hizo huelekea kufifia juani zenyewe, na kuzisugua kwenye rangi laini kunaleta kovu la kudumu.

Doa lililokula klia

Hapa polishi haikwepeki, lakini fikiri kwanza. Kishimo kinachoonekana kwa tochi pekee kiache. Unabadilisha mikroni kadhaa za klia kwa jambo ambalo hakuna mtu ataliona barabarani.

Ukiamua kuendelea kwa mkono, chukua polishi ya kumalizia, iliyo laini kuliko zote unazoweza kupata, na sponji yake. Kiasi cha njegere moja kinatosha eneo la sentimita 30 kwa 30. Bandika utepe wa karatasi kwenye kingo na mikunjo ya bodi, kwa sababu klia ni nyembamba zaidi hapo na ndipo huisha mapema. Sugua kwa mistari inayopandana kwa dakika mbili, shinikizo la wastani, futa, mulika tochi. Rudia mara moja. Kama duara bado lipo, polishi yenye ukali wa kati inaweza kutumika mara moja tu, ikifuatwa na ile laini ili kuondoa ukungu wake.

Kwa mashine, iwe ile inayozunguka huku ikiyumba, si ile ya mzunguko mmoja ambayo huchoma rangi kwa sekunde chache ikishikwa na asiyeizoea. Padi laini, eneo la sentimita 50 kwa 50, pita mara nne hadi sita kwa mwendo wa polepole, na uguse bodi kwa kiganja kila baada ya eneo moja. Ikiwa imepata joto, ngoja. Doa ambalo halijatoka baada ya hapo linahitaji mtu mwenye kifaa cha kupimia unene wa rangi. Msasa wa maji si kazi ya kukisia.

Rangi isiyong'aa na gari lililovishwa vinaili havipigwi polishi wala klei, vitang'aa baka kwa baka. Kwa vitu hivyo tumia shampuu, na siki ya muda mfupi. Gari lenye koti la kauri (kinga ngumu inayopakwa juu ya rangi) linaweza kuvumilia siki, lakini polishi italiondoa koti lenyewe.

Kuna vitu ambavyo havina nafasi kwenye kazi hii kwa namna yoyote. Thina huyeyusha rangi, hasa ile iliyopigwa upya kwa rangi isiyotumia hadina (dawa ya kukomaza rangi). Petroli na mafuta ya taa huacha mafuta yao, na petroli huweza kulipuka. Unga wa sabuni una magadi na chembe, dawa ya meno ni kampaundi isiyojulikana ukali wake, na steliwuli haihitaji maelezo.

Ukishamaliza, paka nta au kinga nyingine ya rangi kwenye boneti, nguzo za kioo, na sehemu ya mbele ya paa. Siki, isopropanoli, klei na polishi zote zimeondoa ile ya awali, na rangi iliyo tupu ndiyo inayodaka doa linalofuata. Juu ya nta, tone hukauka likiwa limeinuka, na hutoka kwa maji ya kawaida ukiliwahi.

Kumwaga tangi

Sasa chanzo. Tangi nyingi hubeba kati ya lita 2 na 5, na maji ya zamani lazima yatoke yote, si kuongezewa juu. Sababu kubwa ni kwamba dawa ya kufukuza mvua ikichanganyika na dawa ya aina nyingine inaweza kuganda kama uji mzito, ikaziba kichujio na noze.

Usinyonye maji haya kwa mdomo kupitia mpira, hata kidogo. Methanoli ni sumu inayopofusha na kuua, na kiasi kidogo kinatosha. Umoja wa Ulaya ulizuia, kuanzia Mei 2019, kuwauzia watu wa kawaida maji ya waipa yenye methanoli ya 0.6% ya uzito au zaidi, lakini kwingineko bado ni kawaida kuikuta. Weka chombo mbali na watoto pia. Yale maji ya bluu yanafanana sana na kinywaji.

1. Ukiweza kulifikia tangi kwa juu, toa maji kwa bomba kubwa la sindano lililofungwa mpira mwembamba, au kwa pampu ya mkono.

2. Usipoweza, chomoa mpira unaoelekea kwenye noze, uingize kwenye chupa, kisha washa pampu kwa sekunde 10 na uipumzishe sekunde 20. Maji ndiyo yanayoipoza pampu. Ukisikia sauti yake imebadilika kuwa kali, tangi limekauka, acha mara moja la sivyo itaungua.

3. Kwa tangi lenye tope au ute, chomoa pampu yenyewe. Kwa kawaida imechomekwa chini ya tangi kwenye mpira wa duara, mara nyingi nyuma ya plastiki iliyo ndani ya fenda. Tenganisha kwanza soketi ya umeme, weka beseni, kisha ivute huku ukiizungusha taratibu. Kagua kichujio kidogo kilichokaa ndani ya mpira huo. Hapo ndipo uchafu mwingi hujificha.

4. Suuza kwa lita 1 ya maji ya uvuguvugu mara mbili au tatu, mara ya mwisho kwa maji yaliyokenekwa. Maji ya moto sana hupinda plastiki. Tangi likiwa na uji wa dawa zilizogombana, ongeza mililita 100 za isopropanoli kwenye maji ya suuzo la kwanza na uyaache dakika 15.

5. Rudisha pampu ukiwa umeulowesha mpira wake kwa maji, si kwa grisi. Jaza nusu lita, angalia kama panavuja, ndipo ufunge kila kitu.

Maji uliyotoa yasimwagwe kwenye udongo wala mtaro. Yafunge kwenye chombo chenye maandishi na uyapeleke panapopokelewa kemikali za magari.

Noze na valvu

Noze iliyopotoka hurusha maji juu ya paa au pembeni ya kioo, na hayo ndiyo yanayokauka juu ya rangi bila waipa kuyafikia. Bandika kipande cha utepe kwenye kioo, juu kidogo ya katikati, mbele ya kila noze. Noze za kidude cha duara hugeuzwa kwa pini: ingiza ncha kwenye tundu na uisogeze kidogo mno, maana badiliko dogo hapo ni sentimita nyingi kwenye kioo. Lenga utepe. Upepo wa mwendo huyasukuma maji chini, ndiyo maana hulengi katikati kabisa. Noze za ukungu zina skrubu au haziguswi, na zikiharibika hubadilishwa.

Noze ikirusha kwa nguvu ndogo au kwa pembe ya ajabu, huenda imezibwa na chokaa. Chomoa mpira wake kwanza, kisha pitisha waya mwembamba na upulize kutoka nje kuelekea ndani. Ukiacha mpira mahali pake, uchafu utarudi ndani na kuziba tena. Chokaa ngumu hulainika noze ikilowekwa nusu saa kwenye ule mchanganyiko wa siki.

Kisha kuna valvu ya kuzuia maji kurudi, kipande kidogo cha plastiki kwenye mpira au ndani ya noze. Ikichoka, maji huendelea kudondoka baada ya pampu kuzimwa, na tone moja baada ya jingine huchora mstari uleule kila siku. Ipime hivi: nyunyizia kioo, zima, panguza noze zikauke, ziangalie baada ya dakika 10. Zikiwa zimelowa, badilisha valvu. Mshale uliochorwa juu yake uelekee kwenye noze.

Kujaza upya

Kama dawa ni ya kuzimuliwa, fuata kipimo cha kwenye chupa na utumie maji yaliyokenekwa. Kuzidisha dawa hakusafishi zaidi, kunaongeza utando tu. Unaponunua maji ya betri soma lebo kwa makini: yawe maji safi ya kuongezea, si asidi ya betri. Asidi hiyo ni asidi ya sulfuriki, na ikirushwa kwenye kioo itaharibu rangi, mikono ya waipa, na macho ya anayepita.

Ukitaka kutengeneza mwenyewe kwa sehemu isiyo na baridi ya kugandisha: lita 4 za maji yaliyokenekwa, mililita 400 za isopropanoli ya 70%, na nusu kijiko cha chai cha shampuu ya gari isiyo na nta. Tikisa, fanya jaribio la tone kwenye kioo cheusi kabla ya kumimina. Penye baridi ya kugandisha tumia dawa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Mchanganyiko huu utaganda na kupasua tangi.

Maji matupu si njia ya kukwepa madoa. Hata yakiwa safi huota ute, na mwaka 2010 Health Protection Agency ya Uingereza (taasisi ya afya ya umma) ilihusisha maji ya waipa yasiyotiwa dawa na ugonjwa wa Legionnaires, homa ya mapafu inayoletwa na bakteria wanaovutwa pamoja na ukungu wa maji. Maji ya rejeta nayo hayaingii tangi hili: yana glaikoli, hupaka kioo utelezi unaokuzuia kuona mbele, na hukaa kwenye rangi bila kukauka.

Tumia faneli unapojaza, na kilichomwagika kisuuze papo hapo badala ya kukifuta kikavu. Nyunyizia kioo kabla ya kuosha gari, si baada ya kuliosha, ili kilichopitiliza kisuuzwe pamoja na vumbi. Gari likiwa limetoka juani na boneti bado inachoma, safisha kioo kwa kitambaa kilicholowa kama unaweza kusubiri kunyunyizia.

Doa likirudi

Mahali linapoonekana panakuambia pa kuangalia. Boneti nzima kwa matone madogo: noze inarusha chini mno, au upepo unayarudisha. Mstari mmoja kutoka kwenye noze: valvu. Ukingo wa paa: noze imeinuliwa mno. Nguzo ya kioo na saitimira ya upande mmoja: waipa imechoka na inatupa maji pembeni badala ya kuyakokota, badilisha mpira wake. Mlango wa nyuma chini ya noze yake: mpira wa maji umechomoka au umepasuka kwenye bawaba, ndani ya ule mfereji wa mpira unaopitisha nyaya. Hapo fungua haraka, kwa sababu maji hayo yanashuka pia juu ya nyaya za taa na kufuli.